Chuma, alumini au faiba? Kuchagua boti mpya ya kifahari kabla mkuku haujawekwa

Mwezi uliopita rafiki yangu wa Dar, mtu wa hoteli, alinitumia makabrasha matatu kwa WhatsApp na swali la maneno mawili: "Ipi, kaka?" Yote matatu yalikuwa na picha ile ile: mwanamke mwenye kofia pana amekaa sitahani, glasi mkononi, nyuma yake bahari haina hata wimbi. Yote yalikuwa ya boti ya mita 36 hadi 40, ya kuagiza yadini, si ya mtumba. Moja ya faiba kutoka Italia, moja ya alumini kutoka Uholanzi, moja ya chuma kutoka Uturuki. Anataka kuzungusha wageni Unguja, Pemba na Mafia, na msimu mwingine aipandishe Lamu au aivushe hadi Shelisheli.

Mimi riziki yangu imekuwa kwenye yadi za boti za Ghuba kwa miaka tisa, mwanzo mchomeleaji, baadaye mkaguzi. Nikamjibu: "Uzito umeandikwa wapi?" Akatafuta, hakuuona. Kasi ya juu kabisa imechapwa kwa herufi nene kila ukurasa wa pili, lakini uzito wa boti ikiwa tupu ama umefichwa kwenye jedwali la mwisho, ama haupo. Na uzito huo ndio unaoamua kasi, mafuta, kina cha maji unachohitaji, jinsi boti itakavyolala ikipigwa na kusi ubavuni, na siku ya kuishua kama mtapiga vigelegele au mtaita wazamiaji.

Uzito kwanza, picha baadaye

Kipande cha chuma chenye ujazo wa lita moja kina kilo 7.8 na ushei. Cha alumini, kilo 2.7. Faiba iliyoshiba rezini huwa kilo 1.5 hadi 1.9, kutegemea nyuzi zilivyopangwa. Ukiishia hapo utasema alumini ni theluthi ya chuma, basi. Lakini alumini hupinda kirahisi mara tatu kuliko chuma, kwa hiyo mabamba yake hukatwa manene zaidi na mataruma, yaani mbavu za ndani, husogezwa karibu karibu. Mwisho wa kazi, kiunzi, yaani mwili wa boti, cha alumini hutoka na karibu nusu ya uzito wa kile cha chuma.

Nusu hiyo ina maana gani? Boti nzito hukata maji, haipandi juu yake. Na boti ya kukata maji ina ukuta wake: chukua urefu wa boti kwenye mstari wa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2.43, unapata kasi kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Boti yenye mita 36 kwenye mstari wa maji inagota karibu noti 14 na nusu. Ukiilazimisha zaidi, inakuwa kama inapanda kilima cha wimbi lake yenyewe. Tezi (nyuma) inazama, omo (mbele) inainuka, na dizeli inateketea bure.

Boti nyepesi inaweza kukipanda kile kilima na kuteleza upande wa pili. Mwaka 1988 yadi ya Heesen ya mji wa Oss, Uholanzi, ilimuundia Mmarekani John Staluppi boti ya alumini ya mita 44, Octopussy, ikapita noti 53. Kwa boti yenye vyumba vya kulala na jiko lake, watu walishika vichwa. Lakini kasi ya namna hiyo inalipiwa kila saa injini zinapowaka. Boti ya kukata maji ikishuka kutoka noti 14 hadi 10 inahitaji karibu theluthi moja tu ya nguvu, kwa sababu nguvu inapanda na kushuka kwa kasi kipeo cha tatu. Kati ya Unguja na Pemba ni kilomita 50 hivi. Kwa noti 10 ni mwendo wa saa tatu, wageni wamelala au wanakunywa chai. Nani anataka noti 28 hapo?

Wapo waliotafuta njia ya kati. Home, boti ya mita 50 ya Heesen iliyokabidhiwa mwaka 2017, ina kiunzi cha alumini cha umbo lililochorwa lipite vizuri kwa kasi ndogo na kubwa pia, na mota za umeme pamoja na dizeli. Ni kazi nzuri sana. Rafiki yangu akaniuliza bei, nikamwambia tuendelee na makabrasha yake.

Faiba: unanunua kalibu ya mtu mwingine

Boti ya faiba huzaliwa ndani ya kalibu, yaani umbo kubwa la kumiminia. Kalibu ya mita 36 ni mradi mkubwa peke yake, na yadi hurudisha fedha yake kwa kutoa boti ile ile mara nyingi. Ndiyo maana Azimut na Ferretti wa Italia, Sunseeker wa Poole na Princess wa Plymouth, Uingereza, wanaweza kukukabidhi boti upesi kuliko yadi inayoanza na karatasi tupu. Utachagua marumaru, makochi, mbao za sitahani. Kuta kubwa na chumba cha injini ziko pale zilipo. Ukitaka kusogeza chumba cha bwana mwenyewe kutoka omo hadi katikati, watakutazama kwa huruma.

Zamani tulikuwa tukidhani faiba mwisho wake mita 40 hivi. Gulf Craft wa Umm Al Quwain, Falme za Kiarabu, walishusha Majesty 175 mwaka 2020: mita 54, faiba na nyuzi za kaboni, nao wanaitangaza kuwa kubwa kuliko zote za aina yake duniani. Kwa hiyo ukubwa peke yake si hoja tena.

Faiba ya kisasa haipakwi kwa brashi. Nyuzi kavu hutandazwa kwenye kalibu, zikafunikwa kwa plastiki, hewa ikanyonywa yote, kisha mipira ya rezini ikafunguliwa. Unaiona rangi ikitambaa chini ya plastiki polepole, kama chai inavyopanda kwenye kitambaa. Karakana nzima hunyamaza. Kukiwa na tundu dogo la hewa, mahali fulani patabaki pakavu, na hutapaona kwa macho tena maisha.

Utapasikia. Fundi mzee wa Kerala ndiye aliyenifundisha: nyundo ndogo ya plastiki, unagonga kila sentimita kumi, sikio karibu na ubavu. Panapolia *tok, tok* pamoja pote, sawa. Panapojibu kwa sauti nzito, kama unagonga papai lililoiva, weka alama ya chaki. Nilimwambia rafiki yangu, ukienda Italia kutazama boti yako kabla haijapakwa rangi ya mwisho, omba nyundo. Wakikunyima, una jibu tayari.

Kasoro zake nyingine nazitaja kwa kupita: malengelenge chini ya mstari wa maji ikiwa rezini ni ya bei ya chee, moto unaosambaa haraka, na jua. Ubavu wa rangi nyeusi au buluu iliyokolea, kwenye jua la ikweta, hupata moto hadi nyuzi za ndani zinajichora juu ya rangi. Mwaka wa kwanza hauoni. Wa pili, ukisimama pembeni asubuhi, unaona kama kitambaa cha gunia.

Sifa yake kubwa kwetu: mafundi wapo. Pwani nzima kuanzia Mombasa hadi Dar ina watu wanaoziba na kusaga faiba kila siku, kwa sababu boti za mwendo kasi na za wavuvi zimejaa.

Chuma: mzee wa safari ndefu

Chuma kikigonga mwamba kinabonyea. Faiba inapasuka. Hilo watu hulielewa haraka. Lisiloonekana ni utulivu: boti ya chuma ni nzito, haiyumbi ovyo, haipigi kelele kila wimbi likigusa ubavu, na inabeba mafuta ya kuvuka bahari. Boti za kukata maji za mita 50 hujisifia maili 4,000 kwa mwendo wa noti 12, na hilo si uongo wa kabrasha.

Unalipia kwa kina cha maji, kwa mwendo wa kobe, na kwa kutu isiyopumzika. Na usifikiri ule ubavu unaong'aa kama kioo ni chuma. Mabamba yakichomelewa hujikunja kidogo kidogo, kwa hiyo hupakwa fila, yaani lipu ya kusawazisha, kisha watu wawili wanashika ubao mrefu wa msasa na kusaga kwa mshazari, siku nenda siku rudi, wiki kwa wiki. Boti kubwa hubeba tani kadhaa za fila. Unachokitazama pale Monaco na kushangaa ni kazi ya msasa.

Boti nyingi kubwa huchanganya: chini chuma, juu alumini, ili uzito ukae chini. Azzam ya Lürssen, Ujerumani, mita 180, iliyoshushwa majini mwaka 2013, imeundwa hivyo. Sasa chuma na alumini havichomelewi pamoja. Jibu lake ni mojawapo ya vitu ninavyovipenda katika kazi hii: bamba la chuma na la alumini hupangwa pamoja, juu yake baruti, zikilipuliwa mabamba yanagandana mpaka hayajui tena mpaka wao uko wapi. Hukatwa vipande vyembamba kama rula. Chini unachomelea chuma kwenye upande wa chuma, juu alumini kwenye upande wa alumini. Nyumba nzima ya ghorofa tatu inakaa juu ya ule mkanda.

Mwambie fundi aende polepole lakini. Ukiupasha moto kupita kiasi, unaachana.

Alumini: haina kutu, ina wivu

Alumini ya baharini haishiki kutu kama chuma. Boti za kazi huachwa bila rangi kabisa juu ya mstari wa maji. Ni nyepesi, na yadi inaweza kukuchorea umbo lako mwenyewe bila kalibu. Kwa mtu anayetaka boti yake peke yake na kasi pia, ndiyo njia.

Lakini haipendi kukaa na shaba. Kwenye yadi moja fundi umeme alikata nyaya juu ya ngama, pale chini kabisa ndani ya boti, vipande vikaanguka chini, hakuna aliyejali. Miezi michache baadaye tulipoinua mbao, kila kipande cha shaba kilikuwa kimejichimbia kishimo chake, kimoja kimekaribia kutoboa. Maji ya chumvi kidogo tu, na metali mbili zinakuwa betri. Inayoliwa ni alumini. Kwa sababu hiyo hiyo rangi ya chini ya kuzuia chaza na majani ya bahari isiwe na shaba, na umeme wa gatini upite kwenye transfoma ya kuutenga. Nahodha mvivu ataiua boti ya alumini ikiwa imefungwa bandarini.

Na fundi wake? Mchomeleaji wa chuma utampata Tanga, Lindi, hata Kigoma. Wa alumini, mwenye gesi ya agoni na mkono uliotulia, mtafute mapema kabla hujamhitaji.

Kwa wanaotaka kuona kwa jicho moja:

| | Faiba | Alumini | Chuma |
|---|---|---|---|
| Uzito | mdogo | mdogo | mkubwa |
| Umbo la peke yako | vigumu | ndiyo | ndiyo |
| Safari ya bahari kuu | ya wastani | nzuri | bora |
| Maji mafupi | nzuri | nzuri | tabu |
| Ikigonga mwamba | hupasuka | hubonyea au huchanika | hubonyea |
| Fundi wa karibu Afrika Mashariki | wengi | wachache | wengi |

Mstari wa "maji mafupi" usiupuuze. Kwetu bamvua huchota maji hadi mita nne hivi, na boti iliyotia nanga asubuhi penye kina kizuri inaweza kugusa mchanga kabla ya chakula cha mchana. Kwa Mafia na Pemba, nusu mita ya kina ni tofauti kati ya kulala karibu na fukwe na kulala mbali, wageni wakipelekwa kwa kidau cha mpira.

Yadi na njia ya kufika majini

Uholanzi ni kazi safi kuliko zote, na foleni ndefu. Michoro hupimwa kwa mfano mdogo kwenye mabwawa ya MARIN, taasisi ya kupima meli, kule Wageningen kabla bamba la kwanza halijakatwa. Kichekesho ni kwamba yadi nyingi ziko ndani, mbali na bahari. Mwaka 2021 Feadship walipitisha boti ya mita 94, Viva, kwenye mifereji ya mashambani; picha zilienea, ng'ombe upande huu, kasri linalotembea upande ule, kumebaki nafasi ya mkono. Mwaka 2022 Rotterdam ikazozana juu ya kung'oa kwa muda sehemu ya katikati ya daraja la kale la De Hef ili merikebu ya tanga ya Jeff Bezos ipite. Mchoraji wa boti huko huanza na upana wa mlango wa maji na kimo cha daraja.

Italia ni upesi na uzuri. Viareggio na La Spezia mtaa mzima ni seremala, fundi umeme na mshona makochi, na yadi huwakodi kwa kazi. Uliza nani hasa atafanya kazi yako. Uturuki, Tuzla na eneo huru la Antalya, wachomeleaji hodari kwa gharama ya chini, lakini yadi na yadi hazifanani hata kidogo. Hapo mkaguzi wako mwenyewe akae palepale, si kuja na ndege mara mbili kwa mwaka.

Halafu kuna namba tatu. Mita 24: ukivuka, unatoka kwenye sheria za boti ndogo za Ulaya na kuingia kanuni za boti kubwa. Abiria 12: mgeni wa 13 akipanda, boti yako kisheria ni meli ya abiria. Na ukubwa wa tani 500, ambazo ni kipimo cha nafasi ya ndani na si uzito: ukizifikia, mzigo wa kanuni unaongezeka, ndiyo maana utaona boti nyingi zimekomea 499.

Siku ya kushua

Lamu nilipokuwa mdogo, jahazi jipya lilivutwa kwa kamba juu ya magogo, watu wakiimba, na fundi alijua litakaa vipi majini kabla halijalowa, kwa sababu baba yake aliunda la namna ile. Boti ya kifahari ni ya kwanza ya aina yake mara nyingi, na kila mwezi mwenyewe ameongeza kitu: bafu la marumaru sitaha ya juu, bwawa, televisheni ya pili. Kila kilo iliyoongezwa juu inasukuma kitovu cha uzito juu.

Kreni ya mikanda inaishusha, maji yanagusa, na mkuu wa kreni *hailegezi* mikanda. Watu wote wa maana wako chini, kwenye ngama, na tochi, wakitazama kila vali na kila bomba linalopita kwenye kiunzi. Nusu saa. Nje, mwingine anasoma alama za kina omoni na tezini. Ikikaa sentimita 12 chini ya ilivyochorwa, mkaguzi anajua kwamba tani kadhaa zimeingia bila kuandikwa, na mwenye yadi ghafla anakuwa mkarimu wa kahawa.

Baadaye ndipo jaribio la kuinamisha. Ndani ya boti inaning'inizwa timazi kwenye uzi mrefu, risasi yake imetumbukizwa kwenye ndoo ya maji isicheze. Uzito unaojulikana unasogezwa kutoka ubavu huu hadi ule, na unapima uzi umesogea milimita ngapi kwenye rula. Boti ya mamilioni ya dola, na ukweli wake unasomwa kwenye ndoo. Kutoka hapo ndipo wanajua kitovu cha uzito kiko wapi kweli, na kama inahitaji farumi, yaani uzito wa kuituliza, zaidi chini.

Isipokuwa hivyo? Mei 2014 boti mpya ya kifahari ilipinduka ikishuliwa Anacortes, jimbo la Washington. Septemba 2025, Ereğli kwenye Bahari Nyeusi ya Uturuki, boti mpya ya mita 24 hivi ililala na kuzama dakika kama 15 tu baada ya kuingia majini. Mwenyewe aliruka akaogelea.

Kwa hiyo mkataba usiandikwe "mita 38, noti 24" tu. Uandike uzito wa boti tupu, na tani ngapi zikizidi bei inashuka kiasi gani, na zikizidi kiasi gani una haki ya kukataa. Malipo yagawanywe kwa hatua: kusaini, mkuku (uti wa chini wa boti) kuwekwa, kiunzi kufungwa, kushua, kukabidhiwa baada ya majaribio baharini. Kila hatua iwe na dhamana ya benki ya kurudishiwa. Wauzaji hukunja uso kwenye kipengele cha uzito kuliko kwenye bei. Mimi huutazama huo uso.

Jibu nililompa

Kwa kazi ya visiwani, wageni 12, maji mafupi na fundi wa karibu: faiba, mita 36, mwendo wa wastani, injini ndogo kuliko zile za kabrasha. Shelisheli ni karibu kilomita 1,800. Asiipeleke kwa kukimbia, aipeleke kwa noti 10 wakati bahari imetulia baina ya kaskazi na kusi, na matangi ya ziada yaandikwe tangu mchoro, si kuongezwa baadaye. Angekuwa na nia ya kukaa Shelisheli na Maldivi nusu mwaka, ningemwambia chuma bila kufikiri. Alumini ningempa mtu mwenye mhandisi wake wa kudumu, na yeye hana.

Amekubali yote. Jana kanitumia rangi aliyoichagua ya ubavu: buluu iliyokolea, karibu nyeusi. Nimemrudishia picha ya gunia.